Ramani na Jembe

Ukisimama darajani Garissa, msomaji, utaona migomba imesitawi kando ya Mto Tana, na nyuma yake nyika kavu. Nami, mwalimu mgeni chuoni, niliutazama uwanda ule nikasema, "Kilichokosekana hapa ni maji tu." Nikakodi kipande, nikanunua pampu kwa akiba ya mwaka mzima, nikapanda migomba 100. Mzee mmoja jirani akaniambia, "Mwalimu, hapo ngamia huja kulamba chumvi." Nikacheka. Haikupita miezi minne majani yakaungua kingoni. Kila nilipomwagilia, jua liliyanyonya maji, na chumvi iliyolala chini ikabaki juu kama unga mweupe.

Ndipo nilipoifungua ramani ya udongo ya Kenya ya mwaka 1982, iliyokuwamo kabatini siku zote. Rangi ya mahali pale ilikuwa ya udongo wa chumvi na magadi! Hata hivyo usiitegemee peke yake, kwani sentimita moja humo ni kilomita 10 za nchi, na ukanda wenye rutuba wa mtoni ni kama uzi. Siku hizi huisoma kwanza, kisha huchimba shimo la mita moja, nikauonja udongo.

Migomba 10 iliyosalia nimeihamishia mtoni. Kodi ya uwanda ule nitailipa miaka miwili zaidi.