Marehemu Ana Jina



Atakaye kujua jamii inaogopa nini na inatamani nini, na azisikilize hadithi ambazo watu wake hukusanyika jioni kuzifuata. Babu zetu waliketi kando ya moto wakasimuliana habari za sungura na fisi. Ninyi mnaketi mbele ya televisheni, au mbele ya simu pale sola inapokubali, mkifuata habari za wapelelezi na wauaji. Siwalaumu. Hadithi ya upelelezi ina mafundisho yake: hutukumbusha kwamba uovu huacha alama, kwamba mwongo hujikwaa katika maneno yake mwenyewe, na kwamba damu iliyomwagwa gizani inadai kuulizwa. Hata hivyo, nataka tutafakari pamoja jambo moja ambalo hadithi hizo hutuzoesha polepole bila sisi kulitambua.

Baada ya mkutano mmoja hapa Nyamitaba niliwasikia baadhi yenu mkibishana juu ya tamthilia ya nchi ya mbali. Mwanamitindo kijana ameuawa usiku wa maonyesho ya mavazi. Mmoja wenu alisema muuaji ni mpiga picha. Wa pili alimshuku wakala aliyemtafutia kazi. Wa tatu aliapa kwamba ni msichana mwenzake aliyemwonea wivu. Mabishano yalikuwa mazuri, na mimi niliyesomea ualimu nilifurahi kusikia hoja zikipangwa hivyo. Kisha nikauliza, "Na huyo binti aliyeuawa anaitwa nani?" Mkatazamana. Mmoja aliikumbuka rangi ya gauni lake. Jina lake hakuna aliyelikumbuka.

Sidhani kwamba kosa lilikuwa lenu. Tamthilia ya namna hiyo hujengwa hivyo. Mwandishi wake ana muda wa saa moja tu, naye anahitaji washukiwa wengi, kila mmoja akiwa na sababu yake ya kuua. Ulimwengu wa mitindo humpa vyote kwa pamoja: fedha, husuda, mapenzi ya siri, mikataba iliyovunjwa, na mavazi yanayong'aa chini ya taa. Kwa marehemu anahitaji kitu kimoja tu, yaani mwili ulioanguka ili hadithi ianze. Tena mwanamitindo anafaa kwa kazi hiyo kuliko wengine, kwa sababu hata akiwa hai tulikwisha kuzoezwa kumtazama kama sura na vipimo. Akiwa hai, fundi wa nguo alimpima kwa utepe. Akifa, daktari anampima mezani. Kati ya vipimo hivyo viwili mtu mwenyewe hatukumjua.

Wapo waandishi waliojaribu kuisogeza hadithi ya namna hii karibu nasi. Mwaka 2021 ilitolewa nchini Kenya tamthilia iitwayo Crime and Justice, iliyotengenezwa na Showmax kwa kushirikiana na Canal+. Sarah Hassan na Alfred Munyua waliigiza wapelelezi wawili wa polisi ya Nairobi, na visa vyake vilichukua mfano wa mambo yaliyowahi kusomwa magazetini. Hilo lina manufaa yake, kwa kuwa mtazamaji hawezi tena kusema kwamba mauaji ni mambo ya Ulaya au Marekani. Lakini hata hapo kisa hufunguliwa, huchunguzwa na kufungwa kabla mtazamaji hajaenda kulala. Kesi za kweli haziendi hivyo.

Tuangalie kesi moja ya Nairobi hiyohiyo. Usiku wa tarehe 19 Septemba 2018, Monica Kimani, mwanamke kijana aliyefanya biashara kati ya Kenya na Sudan Kusini, aliuawa nyumbani kwake katika mtaa wa Kilimani. Kesi ilizungumzwa kila mahali, kwa sababu mmoja wa washtakiwa wawili alikuwa mtangazaji wa habari aliyejulikana sana kwenye televisheni. Watu waliitazama kesi hiyo kama wanavyotazama tamthilia. Walijadili mavazi ya washtakiwa, nywele zao na machozi yao, na wengi walikwisha kutoa hukumu sebuleni kabla shahidi wa kwanza hajasimama. Mahakama Kuu ilitoa hukumu yake tarehe 9 Februari 2024, yaani baada ya miaka 5 na karibu miezi 5. Jaji Grace Nzioka alimkuta Joseph Irungu na hatia ya mauaji, na mwezi uliofuata akamhukumu kifo, ingawa Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987. Yule mtangazaji hakupatikana na hatia, akaachiliwa huru. Fikirini ni watu wangapi waliomhukumu kwa miaka hiyo yote wakiwa wameshika kikombe cha chai mkononi.

Kisa kingine kinaugusa ulimwengu wa mitindo wenyewe. Reeva Steenkamp wa Afrika Kusini alikuwa mwanamitindo, naye alikuwa amehitimu masomo ya sheria. Alikuwa na umri wa miaka 29 alipopigwa risasi alfajiri ya tarehe 14 Februari 2013 huko Pretoria, nyumbani kwa mpenzi wake, Oscar Pistorius, mkimbiaji aliyesifiwa duniani kote. Siku mbili baadaye televisheni ya nchi yake ilianza kuonyesha shindano alilokuwa amelirekodi akiwa hai, na watu wakamwona akicheka hali wazazi wake wanajiandaa kumzika. Kesi ilipoanza mwaka 2014 ilirushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Kwanza mahakama ilisema ni kuua bila kukusudia, ikatoa kifungo cha miaka 5. Mwendesha mashtaka alikata rufaa, na mnamo Desemba 2015 mahakama ya juu ikasema ni mauaji. Kifungo kikawa miaka 6, kisha Novemba 2017 kikaongezwa kuwa miaka 13 na miezi 5. Januari 2024 mfungwa aliachiliwa kwa masharti. Barry Steenkamp, baba yake Reeva, alikuwa amefariki miezi michache kabla ya hapo.

Katika safari hiyo ndefu magazeti mengi ya dunia yaliandika jina la mwanariadha kwa herufi kubwa, na marehemu akawa "mpenzi wake" au "yule mwanamitindo". Wazazi wake walifanya kazi ya kumrudishia jina. Waliunda mfuko wenye jina lake ili kuwasaidia wanawake wanaodhulumiwa majumbani. Naona hapo tendo la haki ambalo hakuna jaji angeweza kulitoa.

Lipo pia jambo ambalo tamthilia hulificha kwa kupenda mafumbo. Inatufundisha kumtafuta muuaji mbali: mtu mgeni, adui aliyejificha, mkono usiotarajiwa. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 duniani waliuawa na wenzi wao au watu wa familia zao, yaani takriban 140 kila siku. Hapo fumbo ni dogo sana. Aghalabu majirani walisikia, rafiki aliona alama usoni, mama aliambiwa akasema, "Vumilia, mwanangu." Mnamo Januari 2024, baada ya wanawake kadhaa kuuawa nchini Kenya, maelfu waliandamana Nairobi na miji mingine wakitaka mauaji hayo yakome. Hawakuwa wakiuliza nani muuaji tu. Waliuliza pia kwa nini sote tulinyamaza kabla.

Sasa turudi katika milima yetu. Mwaka 1993, mimi nikiwa kijana kama ninyi, machafuko yalianza katika soko la Ntoto, kule Walikale, yakaenea mpaka Masisi. Maelfu ya watu waliuawa, wa kila kabila, na tangu wakati huo vita vimeondoka na kurudi kama mvua. Kwa wengi wa marehemu hao hakuja mpelelezi kupima nyayo, wala daktari hakuandika saa ya kifo, wala jaji hakuita mashahidi. Kijana anayeona kila wiki kifo cha mwanamitindo mmoja kikishughulikiwa na kikosi kizima cha wataalamu, kisha anaona jirani yake akizikwa haraka pembeni mwa njia, anaweza kujifunza somo baya sana bila mtu kumfundisha: kwamba wapo wafu wanaostahili kuulizwa, na wapo wafu wa kuhesabiwa tu. Somo hilo ni uongo. Mungu alipomwuliza Kaini habari za ndugu yake, Habili hakuwa maarufu. Aliulizwa kwa sababu alikuwa mtu, na kwa sababu alikuwa ndugu.

Basi tufanye nini? Hatuna maabara, na mahakama ziko mbali. Lakini yako mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, tusipelekeane picha za maiti katika simu. Nimeona picha kama hizo zikipita mkononi hadi mkononi hata uani kwa kanisa. Yule aliyelala pale ana mama, na mama huyo anaweza kuwa na simu.

La pili, tuandike majina. Kila jumuiya iwe na daftari la marehemu wake: jina, kijiji, siku, na neno moja juu ya maisha yake, kwamba alilima vizuri, au aliimba sauti ya pili. Daftari hilo litatusaidia mwezi wa Novemba tunapowaombea, na huenda siku moja likamsaidia jaji.

La tatu, tuwe mashahidi waaminifu. Uliloliona, sema umeliona, ulilolisikia, sema umelisikia, usilolijua, nyamaza. Katika nchi yenye vita, uvumi mmoja juu ya kabila fulani unaweza kuua wengi kuliko bunduki.

La nne nawaambia wasichana, na wavulana wasikie. Mwanamume anayekupokonya simu, anayekukataza kuwaona ndugu zako, anayekupiga kisha analia, hakupendi kupita kiasi, anakumiliki. Mwambie mtu mapema, na anayeambiwa asiseme "vumilia". Na mtu asiyejulikana akikuandikia kwamba una sura ya mwanamitindo, akakuomba picha zako au fedha za safari, mwonyeshe mzazi au mlezi ujumbe huo kabla hujajibu. Kazi ya mitindo ni kazi halali, na wapo waliojipatia riziki kwayo. Lakini mwajiri wa kweli hukulipa wewe, haanzi kwa kukutoza.

Endeleeni kutazama tamthilia zenu. Mkiisha kubishana juu ya muuaji, chukueni dakika chache mumzungumzie aliyekufa: alitoka wapi, alimpenda nani, alitaka kufanya nini kesho yake. Ikiwa mwandishi hakutupa majibu, tumjue kwamba amefanya nusu ya kazi. Anayezoea kumwuliza habari zake mtu wa kubuni aliyekufa hatapita kimya mbele ya kaburi la jirani yake.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

1. Katika hadithi ya mwisho uliyoitazama, unakumbuka nini juu ya aliyeuawa, mbali na kifo chake?

2. Je, yupo marehemu wa kijiji chetu ambaye jina lake linaanza kusahaulika? Nani kati yetu ataliandika?

3. Rafiki akikuambia anapigwa au anatishwa nyumbani, ni mtu gani hapa kwetu ambaye mnaweza kumwendea pamoja siku hiyohiyo?