Kalamu Kati ya Vidole

Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi la kubeba boriti, Lamu kwenda Mombasa. Nilikuwa na miaka 12 hivi aliponipa kana, mpini wa usukani, kwa mara ya kwanza. Kaskazi ilikuwa imejaa tanga, abiria wawili wamelala juu ya boriti, na mimi nikaikamata kana kwa mikono miwili, meno yameumana. Jahazi likaanza kwenda huku na huku kama mtu anayetafuta kiatu gizani. Baba alinitazama muda, kisha akasema, "Wamkaba nini? Hendi mahali." Akalegeza kidogo demani, kamba ya tanga, akaitia kana chini ya kwapa, akaendelea kutafuna tambuu yake. Jahazi likanyooka. Nilidhani siri iko kwenye kwapa.

Mwaka 1988 nilikuwa afisa mdogo wa jeshi la anga la Kenya. Wakati huo jeshi lenyewe liliitwa '82 Air Force, jina lililokuja baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 na kukaa hadi 1994, jina la zamani liliporudishwa. Nilichaguliwa kwenda Marekani kusomea urubani. Kwanza nilipitishwa San Antonio, Texas, wiki kadhaa za Kiingereza cha angani, maana Kiingereza nilichodhani nakijua kilikuwa cha darasani, na cha redio ni lugha nyingine kabisa: kifupi, cha haraka, kisichosema tafadhali. Kisha nikapelekwa kituo cha Williams, karibu na Chandler, Arizona.

Aliyezaliwa kisiwani akitupwa jangwani hushtushwa kwanza na ukimya. Hakuna maji ya kupwa wala kujaa, hakuna kitu cha kukuambia saa. Upande wa mashariki ilisimama milima ya Superstition, myekundu asubuhi, ya zambarau jioni, na katikati hapana kitu ila vichaka vya miiba na mipungate mirefu yenye mikono, imesimama kama watu waliosimamishwa na polisi.

Ukimya huo ulivunjwa na T-37. Ni ndege ndogo ya Cessna yenye injini mbili za jeti, iliyoruka mara ya kwanza 1954, na mlio wake ni filimbi nyembamba inayoingia sikioni na kukaa. Wenyewe waliiita Tweet. Ikiwa imesimama tu chini ikilia, hukuweza kuikaribia bila vizibo vya masikio. Mwanafunzi alikaa kushoto, mkufunzi kulia, bega kwa bega, kama dereva wa matatu na utingo aliyeamua kukaa mbele. Mpangilio huo una maana yake: mkufunzi anauona mkono wako.

Siku zetu zilikuwa za saa 12. Wiki moja tuliripoti saa kumi na nusu alfajiri, wiki nyingine tulianza karibu na mchana na kumaliza usiku. Nusu ya siku darasani: hali ya hewa, injini, nguvu za hewa juu ya bawa, sheria za anga. Nusu nyingine kwenye chumba cha marubani, tumekaa wanafunzi watatu au wanne kwa kila meza ya mkufunzi mmoja. Saa 12 zikitimia unafukuzwa ukalale. Hakuna aliyelala.

Asubuhi ilianza kwa karatasi. Kuna dharura ambazo huruhusiwi kufungulia kitabu, kwa sababu ukifungua kitabu utakuwa umekufa kabla ya kufika ukurasa wenyewe. Hatua zake huchapwa kwa wino mzito, na sisi tulitakiwa kuziandika kwa kumbukumbu, neno kwa neno. Neno likipungua, huruki siku hiyo. Mimi niliyepitia chuo cha Kurani, nikahifadhi juzuu kwa sauti huku mwalimu akinisikiliza kwa jicho moja limefumba, jambo hili halikunisumbua. Wenzangu Wamarekani walihangaika nalo. Nilikuwa nikizisoma nikitikisika mbele na nyuma, wakanicheka; baada ya mwezi, wawili kati yao wakawa wanatikisika pia.

Baada ya karatasi, chumba kizima kilikaa kimya na mkufunzi mmoja akasimulia: uko futi elfu 15, taa ya moto ya injini ya kulia imewaka. Halafu akataja jina. Mwenye jina anasimama wima, mikono ubavuni, na kuanzia hapo ndege ni yake. Lazima aanze kwa kusema ataendelea kuiongoza ndege, atachunguza tatizo, atachukua hatua inayofaa. Kisha aeleze kila kitu: mkono gani unagusa nini, anamwambia nani redioni, anatua wapi. Akikwama, anaambiwa kaa chini, jina lingine linatajwa, na yeye siku hiyo habebi parachuti. Nimeona mtu mwenye shahada ya uhandisi amesimama pale amesahau jina la kituo tulichokuwemo.

Lakini kichwa changu hakikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mkono.

Safari ya kwanza ina desturi yake: mwanafunzi humpa mkufunzi dola moja, ameipamba atakavyo. Mimi niliichorea yangu jahazi. Mkufunzi wangu, mtu wa maneno machache aliyekuwa na masharubu kama ya karani wa zamani, aliitazama, akaitia mfukoni, akanipeleka angani na kuniachia stiki. Nikaikamata. Ndege ikapanda. Nikaisukuma, ikashuka kupita kiasi. Nikaivuta. Tukawa tunakwenda kama gari la ng'ombe kwenye barabara ya mashimo, na angani hapakuwa na shimo hata moja.

Hali iliendelea hivyo wiki ya kwanza, ikaingia ya pili. Nikishuka, glavu ya kulia imelowa jasho, ya kushoto kavu. Kila safari ilipewa alama, na ile ya kushindwa iliandikwa kwenye karatasi ya waridi. Nilipata moja, nikapata ya pili. Ya tatu mfululizo ilimfikisha mtu mbele ya rubani mwingine asiyemjua, na huyo ndiye aliyeamua kama unabaki au unafunga begi. Mezani kwetu kiti kimoja kilishakuwa wazi. Mwenyewe alikuwa kijana wa Ohio aliyenifundisha kuendesha gari upande wa kulia wa barabara, akaondoka Jumanne bila kuaga, na hatukumlaumu.

Usiku nilirukia kitini. Ndivyo kila mtu alivyofanya: unakaa kwenye kiti chumbani, macho umefumba, unaruka safari ya kesho tangu kuwasha injini hadi kuzima, ukisema kila neno la redio kwa sauti. Katikati ya magoti ulihitaji kitu cha kushika, na kitu kilichofaa kuliko vyote ni kile kizibuo cha choo cha mpira chenye mpini wa mti. Kinasimama chenyewe sakafuni. Duka la kituo lilikiuza kwa wingi, nadhani kuliko kituo kingine chochote chenye vyoo vichache namna ile. Siku moja nilimpigia simu baba kupitia duka la Mhindi pale Lamu, akaniuliza nafanya nini saa hiyo ya usiku. Nikamwambia nafanya mazoezi ya kuruka. Sikumwambia nimeshika nini.

Kisha ikaja kalamu. Asubuhi moja, kabla ya kupanda, mkufunzi alinivua glavu ya kulia, akachukua kalamu ya risasi akaipitisha kati ya vidole vyangu: juu ya cha kati, chini ya vya pembeni. Akanivisha glavu tena. Hakueleza. Tulipokuwa hewani nikaikamata stiki kama kawaida, na kalamu ikanibana mifupa hadi machozi. Nikalegeza. Nikaibana tena, nikalegeza tena. Baada ya nusu saa nilikuwa naishika kwa vidole vitatu kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

Ndege iliendelea kuyumba. Hapo ndipo aliponionyesha kitufe kilicho juu ya stiki, ambacho nilikijua darasani na kukijibia mtihani vizuri tu. Kila ndege ikibadili mwendo, stiki huwa nzito, inakuvuta mbele au nyuma. Kitufe kile husogeza kibawa kidogo mkiani mpaka uzito uishe. Mkufunzi alikibonyeza mara tatu, akaniambia niachie mikono yote. Nikaachia. Ndege ikaenda yenyewe juu ya jangwa, imetulia kama sahani ya maji mezani.

Demani! Nililitamka kwa sauti, ndani ya barakoa ya oksijeni, naye akaniuliza nimesema nini. Miaka yote ile nilikuwa namtazama baba kwapani, na kumbe kazi yote aliifanya kabla, kwa kamba. Kana ilikuwa nyepesi kwa sababu tanga alishaliweka sawa. Mimi nilikuwa nikishindana na uzito nilioachiwa ruhusa ya kuuondoa.

Wiki hiyo niliruka peke yangu. Niliporudi wenzangu walinibeba mikono na miguu wakanitupa kwenye birika la maji na ovaroli yangu, na hiyo pia ni desturi. Maji yalikuwa ya baridi kali. Nilifurahi kuonja maji mengi mahali pamoja.

Nisije nikaeleweka kwamba somo ni kulegeza tu. Kuna kuzunguka kama pia. T-37 ikipoteza mwendo na kuelemea upande mmoja, huanguka ikizunguka, na ardhi inageuka sahani ya santuri. Hatua za kuitoa ni za wino mzito: throto nyuma, usukani wa mkia na visukani vya mabawa katikati, stiki nyuma mpaka mwisho, mguu kinyume na mzunguko, ngoja mzunguko mmoja, stiki mbele mpaka mwisho. Na karibu kila hatua ina neno "kwa ghafla". Si kwa upole. Mkono ule ule uliotiwa kalamu unatakiwa uibamize stiki kama mtu anayeua nyoka, kisha ukitoka kwenye kupiga mbizi urudi kuwa mkono wa kuonja chumvi. Mara ya kwanza niliisukuma kistaarabu, ndege ikaendelea kuzunguka kana kwamba haikunisikia.

Darasani kwetu aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote alikuwa mwanamke. Williams ndiko wanawake 10 wa kwanza wa jeshi la anga la Marekani walikoanza mafunzo ya urubani mwaka 1976, wakahitimu 1977, kwa hiyo alipofika yeye hakuwa kioja tena. Alisema mkono huo aliupata kwenye kinanda cha kanisani. Mimi nilisema wangu niliupata jahazini. Hakuna aliyetuamini sote wawili.

Ramadhani ya 1989 iliangukia Aprili, ndio tumehamia T-38. Hiyo ni ndege nyingine: nyembamba, nyeupe, inayopita kasi ya sauti, mwanafunzi mbele na mkufunzi nyuma yake. Nilikuwa msafiri, na dini imempa msafiri nafasi. Nilikula mchana nikalipa siku zangu Lamu mwaka uliofuata. Naitaja kwa sababu ya ugeni wake: kunywa maji mchana wa Ramadhani, peke yangu, kwenye kivuli cha bawa, nikigeukia upande ambao hakuna mtu.

Katika T-38 mkufunzi hauoni mkono wako. Ila stiki yake imeungana na yako, kwa hiyo anausikia. Tuliruka bawa kwa bawa na ndege nyingine, nafasi ya futi 3 baina ya ncha na ncha, na huko mkono ukikaza kidogo tu ndege hucheza. Sauti ya nyuma ilikuwa inaniambia kitu kimoja: chezesha vidole vya miguu. Mtu hawezi kuchezesha vidole vya miguu na kukaza mkono kwa pamoja. Jaribu.

Williams ilifungwa 1993, sasa ni uwanja wa ndege za abiria. T-37 ya mwisho ya mafunzo ilistaafu 2009. Nasikia wanafunzi wa leo huvaa miwani ya kompyuta chumbani na kuona jangwa zima, mawingu, hata saa zinazotembea. Sina chuki na miwani hiyo. Nasikitika kidogo tu kwa ajili ya kizibuo, ambacho kilikulazimisha uone kila kitu kwa kichwa chako mwenyewe.

Nilirudi nyumbani na mabawa kifuani mwanzoni mwa 1990, nikapata likizo ya wiki moja kabla ya kuripoti kambini. Baba alikuwa anapeleka mzigo mdogo Kipungani, akanichukua. Nje ya mji akasimama, akanionyesha kana kwa kidevu. Kabla sijaigusa nilimwambia baharia alegeze demani kidogo, kidogo tena, hapo. Kisha nikaishika kwa vidole vitatu.

Baba hakutazama mkono. Alikuwa anatazama ile kamba. Tulikwenda hivyo muda mrefu bila neno.

"Hilo dude lenu," akasema mwishowe, "mashini ikizima mwashuka na nini?"

"Na mabawa, baba. Yanateleza juu ya upepo mpaka chini."

"Basi ni tanga."

"Ni tanga."

Akatema tambuu majini, akainuka. "Haya, lete," akasema. "Hapa mbele pana mwamba."