Bomba la Klachi Katika Gereji za Buyenzi

Bomba la klachi hupeleka mafuta ya breki kutoka masta silinda, iliyofungwa mbele ya pedali, hadi silinda ndogo iliyo kwenye giaboksi. Sehemu yake kubwa ni chuma, na mwishoni huungwa kipande cha mpira kwa sababu injini hucheza na bodi haichezi nayo. Mpira huo ndio unaochoka kwanza. Gari la spoti lenye umri mkubwa huonyesha dalili mapema: rivasi inakwaruza, gia ya kwanza inagoma kuingia, kisha siku moja pedali inalala sakafuni na haiamki.

Bujumbura haina huruma na klachi. Mji uko ufukweni mwa Tanganyika, kwenye mita 770 na kitu, na Barabara ya Taifa namba 1 humpandisha msafiri hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, nyuma ya malori yanayotambaa. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji ya hewani, 140 tu. Gari lisilobadilishwa mafuta kwa miaka hulipa deni hilo mlimani.

Zamani Peugeot 504 na wenzake kutoka Ulaya walikuwa na usukani wa kushoto, na mafundi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini humo, waliyajua mabomba yao hata gizani. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo, vilivyosimamishwa Januari 1999. Katika miaka kama hiyo, vipuri vikiwa haba, raba za silinda huvuliwa kwenye gari bovu na kuvishwa gari zima. Wapo pia wanaojaribu mafuta ya injini badala ya mafuta ya breki. Raba huvimba na pedali hukataa kurudi, na hapo silinda zote mbili huwa zimeharibika, wala si bomba peke yake.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na magari ya mitumba ya Japani, yaliyopitia Dar es Salaam yakiwa na usukani wa kulia, ingawa Burundi huendesha kulia. Rwanda ilizuia kuyaingiza mwaka 2005, Bujumbura iliyazoea. Mfano ni gari la spoti la Toyota Celica: kwenye zile za tangu 1985 injini hulazwa kwa upana na giaboksi huwa upande wa kushoto. Usukani ukiwa kushoto, bomba ni fupi. Ukiwa kulia, bomba huvuka ukuta mzima wa chuma nyuma ya injini, mahali mkono haufiki bila kuchubuka. Ndiyo maana bomba la Celica ya Ulaya, hata likitumwa na ndugu aliyeko Brussels kwa nia njema kabisa, hufika Buyenzi likiwa halitoshi.

Basi fundi hulitengeneza. Hukata kipande cha bomba la breki kwa kufuata urefu wa lile la zamani, huvisha nati kwanza, ndipo hutanua mdomo. Anayetanua kabla ya nati hukata upya. Mizunguko iliyopigwa kiwandani haifutwi ili kuokoa bomba, kwani hiyo ndiyo inayomeza mtikisiko. Nati hufunguliwa kwa spana namba 10 ya mdomo unaokumbatia pembe karibu zote. Spana ya kawaida huzila kona, na kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima.

Kutoa upepo huhitaji watu wawili. Kijana hukaa kwenye kiti, fundi huwa chini na chupa yenye mpira unaopitisha mwanga, ncha yake ikizama ndani ya mafuta. “Kanyaga! Shikilia!” Nipo ya kutolea upepo hufunguliwa, mapovu hutoka, nipo hufungwa, na ndipo kijana huruhusiwa kuachia. Mara za mwanzo pedali huinuliwa kwa mkono. Kikopo cha mafuta kilicho juu kikikauka katikati ya kazi, hewa huingia tena na yote huanza upya. Mafuta yakidondokea rangi ya bodi huoshwa papo hapo kwa maji, la sivyo huila.

Siku hizi huagizwa mtandaoni bomba moja refu lililosukwa kwa nyuzi za chuma, linalochukua nafasi ya vipande vyote. Halivimbi, na pedali huwa ngumu kidogo. Wenye magari ya spoti hulipenda kwa hilo. Hata hivyo, anayeagiza lazima ataje upande wa usukani.