Kishikwambi na Kompyuta Mpakato

Zana ni mkono wa pili wa mwanadamu. Mkono wa kwanza huzaliwa nao. Wa pili hujichagulia, na katika kuchagua huko hupatikana faida au hasara. Mkulima huchagua jembe, baharia huchagua tanga, na mtu wa kalamu katika zama hizi huchagua chombo cha kuandikia. Swali lililoenea sasa katika nyumba za wasomi ni kama kishikwambi, chombo bapa kishikwacho mkononi na kuamriwa kwa ncha ya kidole, chaweza kushika mahali pa kompyuta mpakato katika kazi za kila siku. Kwa tajiri swali hili ni dogo, maana aweza kununua vyote viwili. Kwa mtu mwenye fedha ya kununua kimoja tu, jawabu lake huamua namna atakavyofanya kazi kwa miaka mingi.

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari mjini Tanga alipatwa na swali hili pasipo kuliita. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na tasnifu yake juu ya msamiati wa wavuvi ilikuwa imefika nusu, kompyuta yake ya zamani ilipozimika isiwake tena. Fundi aliifungua, akaitazama, akaifunga. Gharama ya kuitengeneza ilikaribia bei ya kununua nyingine. Mwezi ule ule binti yake alipata nafasi ya chuo, na ada ilidaiwa kabla ya mwezi kwisha. Fedha iliyokuwako ilitosha jambo moja. Walakini juu ya meza yake kilikuwapo kishikwambi, miongoni mwa vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, kisha vikagawiwa walimu. Mkewe alipoulizwa shauri alijibu kwa maneno machache: "Mume wangu, ada haingoji. Kitabu chaweza kungoja, na huenda kisingoje, maana chombo unacho." Ada ikalipwa. Kwa bahati njema nakala ya tasnifu ilikuwa imehifadhiwa pia katika ghala la mtandaoni, na jioni ile ile aliifungua katika kishikwambi, akaanza kazi.

Majuma ya kwanza yalikuwa ya furaha. Kishikwambi hakina ukaidi: huguswa kikaamka, wala hakimweki mtu akingoja. Betri yake ilidumu toka asubuhi hata jioni, neema kubwa kwa mtu ambaye umeme wa nyumbani kwake hukatika pasipo taarifa. Vitabu alivyozoea kuvichukua kwa mfuko vilikuwa sasa katika kitu chembamba kuliko daftari. Alikwenda pwani alfajiri, akapiga picha za madema na nyavu, akanasa sauti za wazee wakitaja majina ya pepo na ya mikondo ya maji. Hapo aligundua jambo ambalo hakulitazamia. Zamani alipofungua kompyuta mbele ya wavuvi, kifuniko chake kilisimama kama ukuta baina ya msemaji na mwandishi, na maneno yalipungua. Kishikwambi kililala bapa juu ya ubao wa ngalawa. Wote wakainama wakakitazama, wakasahihisha jina la samaki aliyeandikwa vibaya, wakacheka. Chombo kilichomwacha mtu aonekane uso kilimletea maneno ambayo chombo chenye nguvu zaidi kilikuwa kimemnyima.

Sensa yenyewe ilikwisha kutoa ushahidi wa namna hii. Makarani waliotoka kuhesabu watu, kuanzia tarehe 23 Agosti 2022, walikwenda nyumba kwa nyumba na vishikwambi, na hesabu iliyopatikana kwa Tanzania nzima ilikuwa watu 61,741,120. Kenya ilikuwa imefanya vivyo hivyo mwaka 2019, ikapata watu 47,564,296. Katika kazi ya kuuliza, kujibiwa na kutia alama, mtu akiwa amesimama mlangoni au amekaa juu ya kigoda cha mwenyeji, kompyuta mpakato ni mzigo, na kishikwambi ni mwenzi.

Hata hivyo, sifa ya kitu haijulikani mpaka kipelekwe mahali kinaposhindwa. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Baada ya kukusanya, mwalimu alitakiwa kuandika. Alipogusa kioo ili kuandika, kibodi iliyochorwa juu ya kioo ilitwaa karibu nusu ya nafasi, na ukurasa ukawa ufa mwembamba ambao sentensi zilipita mmoja mmoja kama watu katika kichochoro. Vidole vilivyozoea kuhisi vitufe havikuhisi kitu ila ubaridi wa kioo. Macho yakalazimika kufanya kazi ya vidole, na fikira ikalazimika kungoja macho. Alipokilaza mezani shingo ilimwuma kwa kuinama. Alipokisimamisha mkono ulimchoka kwa kunyoshwa. Zaidi ya hayo, tasnifu si barua. Humtaka mtu afungue maandishi yake, orodha ya maneno, jedwali la hesabu na kitabu cha mwenzake, vyote mara moja, aone hiki kinakanusha nini katika kile. Katika kishikwambi kila alipofungua kimoja kingine kilijificha. Tanbihi zilihama mahali pake, na jedwali lililonyoka nyumbani lilimfikia msimamizi wake limepinda. Kwa mwezi mzima sura ya tatu haikuongezeka kurasa nne.

Jirani yake alikuwa fundi seremala, mzee wa kazi. Jioni moja mwalimu alimweleza taabu yake nusu kwa mzaha, akasema labda kosa ni lake, maana mchagua jembe si mkulima. Mzee aliweka randa chini, akamjibu: "Mwalimu, methali ni ya kweli, lakini haikusema hakuna jembe na panga. Mimi nikiitwa kutazama mlango wa mtu, huchukua futi na kalamu sikioni, basi. Sibebi meza ya kazi mpaka kwake. Lakini hujaniona nikiranda mbao kwa futi. Kupima kuna chombo chake, na kuunda kuna chombo chake. Wewe umerudi kutoka kupima, nawe unataka kuunda mlango kwa futi." Neno hili lilikaa moyoni mwa mwalimu kuliko matangazo yote ya wauzaji aliyopata kuyasoma, kwani liligawa kazi mahali ambapo wao hugawa bidhaa.

Mgawo huu wa seremala waweza kupimwa kwa historia. Mwaka 1972 Alan Kay, mtaalamu wa Marekani, aliandika juu ya kompyuta ya kubebwa na watoto wa rika zote, yenye ukubwa wa daftari. Ilikuwa ndoto tu, maana kompyuta za siku zile zilijaza chumba au kabati. Mwaka 1981 Osborne 1 iliuzwa kwa jina la kompyuta ya kubebeka, nayo ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi na kioo cha inchi 5. Baadaye vyombo vilipungua mpaka vikaweza kupakatwa mapajani kama mtoto, na ndiyo asili ya jina mpakato. Mwaka 2010 iPad ya kwanza ilitokea ikiwa na uzito usiofika kilo moja, na wengi walitabiri kwamba kompyuta mpakato imefikiwa na ajali yake. Miaka imepita, na vyote viwili vingali hai. Kitu kinachotabiriwa kufa, kisha kisife, huwa kina kazi ambayo mrithi wake hakuirithi.

Yupo atakayesema kwamba upungufu wa kishikwambi ni wa nguvu, na kwamba nguvu ikiongezwa upungufu utakwisha. Dai hili limekwisha kupata jawabu. Mwezi wa Novemba mwaka 2020 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta mpakato zenye kichakataji kiitwacho M1, na mwaka 2021 ikatia kichakataji hicho hicho katika iPad Pro. Moyo ukawa mmoja katika miili miwili. Lakini kazi hazikuwa moja. Tofauti haikuwa katika nguvu ya chombo bali katika malezi yake. Kompyuta mpakato imelelewa na mfumo uliozaliwa kwa ajili ya watu wakaao mezani: madirisha mengi hufunguka pamoja, mafaili hupangwa apendavyo mwenyewe, na programu kubwa hukaa bila kuomba ruhusa sana. Kishikwambi kimelelewa na mfumo wa simu: kitu kimoja mbele ya macho kwa wakati mmoja, na mafaili yamefichwa ili yasimsumbue mtu. Ni kweli kwamba malezi hayo yanabadilika. Mwaka 2017 iPad ilipewa programu ya kupanga mafaili, na mwaka 2020 ikapokea kipanya na kibao cha mguso waziwazi. Lakini kila badiliko la namna hii limekisogeza kishikwambi kuelekea tabia za kompyuta mpakato. Mwanafunzi anayesifiwa kwa kadiri anavyomwiga mwalimu wake bado hajawa badala ya mwalimu.

Shoka lisilo mpini halichanji kuni. Mwalimu alitambua kwamba mpini wa shoka lake ulikuwa kibodi ya kweli, akanunua ndogo iliyotumika, kwa fedha ya kusahihisha mitihani, pamoja na kitegemeo cha kukisimamisha kishikwambi. Siku ile kazi ilibadilika. Shingo ilinyoka, ukurasa ulirudi kuwa ukurasa, na sura ya tatu ilisonga mbele. Lakini alipoviweka vyote katika mfuko, kishikwambi, kibodi na kitegemeo, aliona mkononi mwake uzito ule ule alioukimbia. Anayenunua vipya huona jambo hili katika bei pia: kishikwambi bora pamoja na kibodi yake bora hufikia, mara nyingine hupita, thamani na uzito wa kompyuta mpakato nyepesi. Basi mtu hulipa ili kukifanya kitu kiwe kile ambacho angaliweza kukinunua tangu mwanzo.

Kenya ilitoa hukumu juu ya jambo hili bila kusudi la kuhukumu. Katika kampeni za mwaka 2013 ilitolewa ahadi kwamba watoto wa darasa la kwanza katika shule za umma watapewa kompyuta mpakato. Mpango ulipotekelezwa kuanzia mwaka 2016, watoto walipokea vishikwambi, na walimu wao wakapokea kompyuta mpakato. Mtoto wa miaka sita hutazama, husikiliza, hugusa na kuchagua. Mwalimu huandaa somo, hutunga mtihani, huandika taarifa. Mgawo huo unakumbusha desturi ya kale ya pwani. Katika chuo mtoto alijifunza herufi kwa ubao, akaandika, akasoma, akaosha, akaandika tena. Ubao ulikuwa mwepesi na ulimtosha. Lakini aliyetaka kunakili utenzi mzima aliketi mbele ya karatasi, wino na kalamu ya mwanzi, na kazi ikamshika siku nyingi. Hakuna aliyeudharau ubao, wala hakuna aliyeuomba ubebe utenzi mzima.

Tasnifu ya mwalimu ilikwisha. Sura zake aliziandika katika kishikwambi, kabla ya jua kuchomoza, watoto wakiwa wamelala. Majedwali, tanbihi na mpango wa mwisho alivifanya kwa siku sita katika chumba cha kompyuta cha maktaba ya chuo, ambako alikwenda kwa basi na kulala kwa ndugu. Kama angalikuwa na kompyuta mpakato, safari ile isingalimlazimu. Kama asingalikuwa na kishikwambi, pasingalikuwa na kitu cha kusafiri nacho. Msimamizi wake aliisifu sura ya maneno ya wavuvi kuliko zote, naye hakujua kwamba sura ile ilizaliwa juu ya ubao wa ngalawa, mbele ya chombo kisicho na kifuniko.

Kwa hiyo anayeuliza kama kishikwambi chaweza kuwa badala ya kompyuta mpakato na aanze kwa kuuliza kazi yake. Ikiwa siku yake ni kusoma, kusikiliza, kukusanya, kujaza fomu, kujibu barua na kuhudhuria mikutano, chaweza, na pengine kitamfaa zaidi. Ikiwa siku yake ni kuunda kitu kirefu kwa vipande vingi, kitamsaidia nusu ya njia, kisha kitamdai kibodi, kitegemeo, subira na mwisho meza ya mtu mwingine. Mwenye fedha ya kimoja tu, ambaye riziki yake ni kuandika, na anunue kompyuta mpakato. Aliyekwisha kupewa kishikwambi asikae akingoja kilicho bora, kwa maana kazi iliyoanzwa kwa chombo pungufu hutangulia kazi isiyoanzwa.

Mwalimu yule bado hajanunua kompyuta nyingine. Binti yake yumo katika mwaka wa pili wa masomo, na ada hudaiwa kila muhula. Kishikwambi ki juu ya meza, kioo chake kimepata ufa pembeni, na kando yake imo nakala ya tasnifu iliyojalidiwa. Mgeni akiuliza iliandikwa kwa chombo gani, mwalimu hutazama kwanza upande wa picha ya binti yake ukutani, kisha hujibu kwamba iliandikwa kwa kile kilichokuwapo.