Ukuta Ulipoanguka, Watoto Wakaadimika

Leipzig, Ujerumani



Mjomba wa Kikwajuni, Zanzibar, aliniuliza kwenye simu kama Wazungu hawazai kwa sababu ya siasa zao. Nikamwahidi barua, maana jibu lake halimaliziki kwa vocha.

Mji ninaokaa ulikuwa Ujerumani Mashariki, nchi ile ile iliyotusaidia kujenga majumba ya Kilimani na Michenzani. Mtaa wa Grünau ukiuona, utadhani Michenzani imehamia kwenye baridi. Ghorofa ya chini yetu anaishi bibi mmoja aliyeolewa enzi za ujamaa. Kuanzia 1972 serikali yao iliwakopesha maharusi vijana mark 5,000 bila riba. Akizaliwa mtoto wa kwanza, mnasamehewa 1,000. Wa pili, 1,500. Wa tatu, deni lililobaki lote linafutwa. Bibi hucheka akisema kabati lake la nguo, ambalo bado analo, lililipwa na bintiye mkubwa. Kituo cha kulelea watoto kilikuwa jirani, na kazi yake ilimngoja.

Wala hawakulazimishwa kuzaa: mwaka huo huo wa 1972 sheria iliruhusu kutoa mimba katika wiki 12 za mwanzo. Romania ndiko walikoshurutisha. Kiongozi wao, Ceaușescu, alipiga marufuku utoaji mimba 1966, na mwaka uliofuata wastani ukaruka kutoka watoto 1.9 kwa mwanamke hadi 3.7. Baadaye ukashuka tena, na wanawake wengi walikufa wakitoa mimba kwa siri.

Sasa sikilizeni hili. Ukuta wa Berlin ulianguka 1989, uhuru ukaja, maduka yakajaa. Mwaka ule Mashariki walizaliwa watoto kama 199,000. Mwaka 1994, kama 79,000 tu. Hapakuwa na vita wala njaa. Viwanda vilifungwa, na binti wa bibi, ambaye cherehani yake ya kiwandani iliuzwa kama chuma chakavu, akaamua mtoto asubiri kwanza.

Msikimbilie kusema basi ujamaa ndio uzazi. Ujerumani Magharibi walikuwa na uchaguzi huru miaka yote hiyo, na tangu miaka ya 1970 wanazaa kidogo, kwa sababu mama alilazimika kuchagua mtoto au kazi. Haki ya mtoto wa mwaka mmoja kupata nafasi kituoni ilianza 2013. Hata hivyo, Ujerumani nzima ilikuwa na wastani wa 1.35 mwaka 2023.

Kwetu Tanzania ulikuwa 6.2 mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyama vingi vikiingia. Mwaka 2022 ulikuwa 4.8. Mimi simpi sifa hiyo mwanasiasa yeyote. Nawapa wasichana waliobaki shuleni.

Kwa hiyo, Mjomba, akisimama mtu jukwaani kuwaambia wanawake wazae wengi au wapunguze, muulizeni kwanza: mtoto atalelewa wapi mama akiwa kazini?