Figo Hazichoki, Zinapata Makovu

Kila Jumanne na Ijumaa, alfajiri kabla soko la Karatina halijaamka, mimi na guka tunapanda matatu kwenda Nyeri mjini. Anawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, anakaa hapo masaa manne, mimi nangoja nje kwa benchi. Majirani wakimuuliza anaumwa na nini, anawajibu, "Ni figo tu zimechoka."

Nami niliamini hivyo. Mtu wa miaka sabini na kitu, amelima maisha yake yote, si hata figo zitachoka? Lakini benchi lina muda mwingi, na bundles zilikuwepo, nikaanza kusoma. Wasee, figo hazichoki. Zinapata makovu, na makovu yana chanzo.

Kila figo ina vichujio karibu milioni moja. Ndani ya vichujio hivyo kuna seli zinazoitwa podosaiti, zenye vimiguu vidogo vilivyoshikilia ukuta wa mishipa ya damu ili protini isipotelee kwa mkojo. Wewe mtu wa huku milimani fikiria mizizi ya nyasi kwenye matuta ya shamba. Mizizi ikiachilia, udongo wote unaishia mtoni.

Sasa, seli haziamui zenyewe kushika au kuachilia. Zinapokea ujumbe kutoka kwa protini ambazo wataalamu wanaziita vichocheo vya ukuaji. Vingine ni vya kuokoa. Mirija ya figo ikiumia ghafla, tuseme umehara sana ukaishiwa maji, vichocheo kama EGF na HGF huziambia seli zilizopona zitambae, zifunike kidonda, kisha zishike tena. Ndiyo maana figo iliyoumia ghafla mara nyingi inaweza kurudi.

Halafu kuna TGF-beta. Kwa kipimo kidogo inasaidia kufunga jeraha. Shida ni kwamba sukari na presha zikikaa juu miaka mingi, inatolewa bila kukoma. Podosaiti zinaachilia ukuta na kwenda na mkojo, na mwili karibu hauwezi kuzaa zingine. Mahali pake panajaa kovu, kichujio kinafungwa. Halafu kingine. Na hausikii uchungu wowote.

Mtu atauliza, si wazuie tu hiyo TGF-beta? Walijaribu. Matokeo ya dawa moja ya kuizuia kwa wagonjwa wa kisukari yalichapishwa 2017, na haikusaidia. Lakini kuna kitu cha kawaida kabisa kinachosaidia. Losartan, kidonge cha presha ambacho wazee wengi huku wanakijua, hutuliza homoni ya angiotensin, ambayo ni mmoja wa wanaoichochea TGF-beta. Tangu 2001 kuna ushahidi kwamba inapunguza kasi ya figo kuharibika kwa wenye kisukari.

Hapo ndipo niliumia. Guka alikuwa anapewa dawa za presha. Aliacha. "Nilikuwa nimepona," aliniambia, "kichwa hakikuwa kinauma tena." Na miaka yote aliyoenda kliniki, hakuna siku aliambiwa alete mkojo upimwe protini. Povu aliliona chooni, akadhani ni sabuni. Sisi nyumbani hatukuuliza. Hata mimi, mwenye simu mkononi usiku na mchana, sikuuliza.

Kila kampeni tunaahidiwa mashine zaidi, na tunapiga makofi. Sipingi, mashine ndiyo imemweka guka wangu hai. Lakini mashine inakuja mwisho wa hadithi. Mimi nikipata mwanasiasa wa kumwomba kitu, nitamwomba kipimo cha mkojo kwa kila zahanati, kutoka Othaya mpaka Naro Moru, na mtu wa kumwelezea mzee kwa Kikuyu kwamba kusikia vizuri si kupona.

Kwa sasa naomba wewe. Kama mzazi wako ana sukari au presha, wikendi hii muulize mambo mawili: bado unameza dawa? Mkojo ulipimwa lini? Usimwachie hadi apande matatu ya alfajiri.

Ijumaa tuko njiani tena. Guka amesema nisisahau blanketi, baridi ya ile mashine inamwingia kwa mifupa.