Barua kutoka Minnesota: Nyuki Wakihama Turkana, Tusilaumu Mzinga

Ndugu zangu wa Lodwar na Kakuma, na ninyi mlio huku nami,

Huku Minnesota, Machi ni mwezi wa hesabu chungu kwa wanaofuga nyuki nyuma ya nyumba kwa mapenzi tu, mzinga mmoja au miwili. Theluji ikianza kuyeyuka, mfugaji hufunua kifuniko ajue kama kundi limevuka baridi, na mara nyingi hukuta limekufa. Nyuki wamesongamana katikati ya masega, wengine vichwa vimezama ndani ya vitundu vitupu, na asali iko vidole vichache tu kando yao; baridi iliwakaza wasiifikie. Sakafuni kuna mizoga, mingine ina mabawa yaliyojikunja, alama ya virusi vinavyoenezwa na utitiri wa Varroa, ambao uliingia Marekani mwaka 1987. Katika mwaka wa 2024 hadi 2025 wafugaji wa nchi hii walipoteza zaidi ya nusu ya makundi yao. Ndiyo maana mazungumzo ya nyuki huku ni mazungumzo ya dawa, ya kuhesabu utitiri, na ya kununua nyuki wapya kila Aprili.

Nawaandikia haya kwa sababu mtu wa kwetu aliye ughaibuni, akitaka kusaidia ufugaji nyumbani, hushawishika kutuma alichokiona huku: mizinga ya sanduku aina ya Langstroth na dawa, pengine hata wazo la kuleta malkia wa kizungu. Naona hilo ni kosa. Mzinga uliopotea Turkana kwa kawaida hauna mizoga. Ukiufungua unakuta masega makavu, hakuna asali, hakuna majana, na nondo wa nta wameshaanza kuyatafuna. Kundi halikufa, limehama. Nyuki wetu hawakuzoea kukaa juu ya akiba wakingoja msimu upite; chakula na maji vikikosekana, huondoka wote pamoja na malkia wao. Na maji si ya kunywa tu. Majana yanahitaji joto la nyuzi 34 au 35 hivi, na Lodwar mchana hewa yenyewe hupita hapo. Nyuki hupoza mzinga kwa kutandaza matone ya maji ndani na kuyapepea kwa mabawa. Mji unaopata milimita 200 hivi za mvua kwa mwaka, ukipitiwa na misimu mitano mfululizo ya mvua hafifu kama ilivyokuwa kati ya 2020 na 2022, unawanyima nyuki maji na maua kwa pamoja. Hakuna umbo la sanduku litakalowazuia kuondoka.

Najua nitaambiwa kwamba Varroa iko Kenya pia. Ni kweli, iligunduliwa mwaka 2009. Lakini watafiti waliopima makundi katika maeneo 24 ya Kenya mwaka 2010, wakachapisha matokeo mwaka 2014, waliukuta utitiri karibu kote isipokuwa kaskazini ya mbali, na hata ulikokuwepo nyuki waliishi nao bila kutibiwa. Kwangu mimi usafi huo wa kaskazini ndio hoja nzito kuliko zote ya kutosafirisha makundi, wala mizinga iliyotumika, kutoka nyanda za juu kuleta Turkana. Wengine watasema mti wa mathenge unatosha, kwani unachanua hata wakati wa ukame. Unasaidia, na asali yake ni nzuri. Lakini ni mti ambao wafugaji wa mifugo wa Baringo walifikia kuishtaki serikali kwa ajili yake, na nyuki wanaotegemea mti mmoja huyumba nao. Miti ya ewoi na edome ya kando ya mito ya Turkwel na Tarach ndiyo inayopokezana maua, na ndiyo inayokatwa kwa kuni na makaa. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ipo tangu 1992, nayo inahitaji kuni. Siwalaumu wakimbizi wala wenyeji kwa kupika, maana kila jioni lazima sufuria ichemke.

Pingamizi linaloniuma ni lile la mwisho: mama anayechimba mchanga wa lagga, yaani mto mkavu, apate mtungi mmoja, utamwambiaje awape nyuki maji? Usimwambie. Maji yanayomwagika kwenye bomba la umma au birika la mifugo yanatosha makundi kadhaa, yakikingwa kwenye karai lenye mawe ya kutua ili nyuki wasizame, mizinga ikiwa mbali kidogo ili wasiwachome watoto na mbuzi.

Kwa hiyo ndugu mlio huku nami, kabla hamjatuma pesa ya mzinga mwingine, pigeni simu muulize mambo mawili: maji ya karibu yako wapi mwezi wa Februari, na ni ewoi ngapi zimebaki kando ya mto. Majibu yakiwa mabaya, pesa hizo zilipie birika na ulinzi wa miti. Mizinga ya magogo iliyopo inatosha kuanzia.